Siku ambazo mtoto haumwi

Ukimkuta mpwa wangu siku ya kawaida, anaruka kamba na wenzake mbele ya duka la jirani, utabisha ukiambiwa ni mgonjwa. Ana miaka tisa, mdomo wake hauna breki, na hakuna ubishi wa nani alianza ambao amewahi kushindwa. Lakini kila asubuhi kabla ya chai anameza kidonge kimoja na kapsuli moja, chupa ya maji haimtoki mkononi, na mama yake, yaani dada yangu, hampiti bila kumvuta kope ya chini aangalie wekundu wa ndani. Hufanya hivyo hata katikati ya maongezi mengine, kama mtu anayetupia saa jicho.

Mpwa wangu ana siko seli, au selimundu kama inavyoitwa vitabuni. Wengi tunaujua ugonjwa huu kwa vishindo vyake: mtoto analia usiku mifupa inamuuma, damu imeshuka, anakimbizwa hospitali, ndugu wanapigiwa simu waje kuchangia damu. Tunaviona hivyo kwa sababu ndipo tunapoitwa. Nilipokwenda kuishi na dada Mbagala, Dar es Salaam, kwa karibu miaka miwili ndipo nilipogundua kwamba kazi kubwa ya ugonjwa huu hufanyika siku ambazo mtoto haumwi. Na ndiyo kazi inayowachosha wazazi kuliko zote, maana haina shahidi. Mtoto akilazwa, ukoo mzima unajaa na vyakula kwenye mahotipoti. Akiwa mzima, mama anabaki peke yake na ratiba ya dawa.

Tuanze na damu, kwa sababu bila hiyo mambo mengi yanayofanyika nyumbani yataonekana kama ushirikina. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini. Hujikunja ikipita kwenye mishipa myembamba, na huishi siku 120 hivi. Ya mtoto mwenye siko seli ikipungukiwa oksijeni hukakamaa na kujipinda kama mundu. Zikiwa nyingi namna hiyo hunasiana, zinaziba njia, na kiungo kilicho mbele ya kizibo kinakosa hewa. Maumivu yanatoka hapo. Zaidi ya hayo, chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo uloto ndani ya mifupa unazalisha usiku na mchana na bado haufikii mahitaji. Macho ya manjano wanayonyoshewa kidole watoto hawa shuleni ni mabaki ya chembe zilizokufa mapema. Siyo homa ya ini, wala siyo kile majirani wanachonong'ona.

Dada alimwelezea mwanawe yote haya kwa lugha ya barabara ya Kilwa. Mishipa ni barabara, damu ni magari, na baadhi ya magari yake ni mabovu. Lori moja likikwama darajani, wote walio nyuma wanakaa. Tangu siku hiyo nyumba ile haitamki "maumivu makali ya kuziba mishipa". Mtoto anasema, "Mama, leo kuna foleni gotini," na kila mtu anajua la kufanya: maji, dawa ya maumivu mapema kabla hayajapanda, kitambaa cha uvuguvugu, na sweta. Barafu ni marufuku, maana baridi huibana mishipa ikazidi kuziba.

Kwa nini ugonjwa huu upo kwetu kwa wingi kiasi hiki? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alichapisha jibu ambalo halijatikiswa hadi leo. Alikuwa ameona kwamba watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria wanacho kwa wingi kinasaba cha siko seli, yaani lile agizo la mwili analorithi mtu kwa wazazi wake, huku watu wa nyanda za juu zenye baridi wakiwa nacho kwa uchache. Ramani hiyo ni ile ile ya malaria. Anayerithi kinasaba kimoja, kutoka kwa baba au kwa mama, haumwi siko seli, na malaria kali humkwepa kwa kiasi kikubwa. Kwa maelfu ya miaka watu hao walipona pale wengine walipokufa, wakazaa, wakakirithisha. Tanzania leo inakadiriwa kuwa na wabebaji, yaani wenye kinasaba kimoja tu, 13 hadi 20 katika kila watu 100, na watoto takriban 11,000 huzaliwa na ugonjwa wenyewe kila mwaka. Linaloumiza ni kwamba mtoto aliyerithi viwili hapati ile kinga. Malaria ikimpata, damu yake ambayo tayari ni chache inaporomoka, kwa hiyo chandarua kwake kina uzito wa dawa.

Hapo kwenye kurithi ndipo ndoa nyingi zinapopasukia.

"Kwetu hakuna ugonjwa huu." Sentensi hiyo shemeji yangu aliitamka kwenye korido ya hospitali, na baadaye nimeisikia kwa watu wa makabila tofauti kabisa, karibu neno kwa neno. Ajabu ni kwamba mara nyingi anayeisema hasemi uongo. Kwao kweli hakuna mgonjwa. Wapo wabebaji, ambao hawajawahi kuumwa hata siku moja na hawana dalili yoyote ya kuwashtua. Mtoto hawezi kuupata ugonjwa huu kwa upande mmoja. Lazima baba atoe kimoja na mama atoe kimoja. Chukua sarafu mbili uzirushe pamoja: uwezekano wa zote mbili kulalia upande ule ule mbaya ni mara moja katika nne. Ndivyo ilivyo kwa kila mimba. Na sarafu hazina kumbukumbu. Kama wa kwanza amezaliwa na siko seli, haimaanishi watatu wanaofuata wamelipiwa. Nimewaona wazazi wenye wagonjwa wawili mfululizo, na wengine wenye watoto watano na mgonjwa mmoja.

Lakini kwa desturi anayebeba mtoto hospitali ndiye anayebeba lawama. Mama ana damu mbaya, mama alikula kitu, bibi wa upande wa mama alikuwa mchawi. Wapo wanaume wanaoondoka na kuoa kwingine wakiamini wameuacha ugonjwa nyuma, kumbe wamekwenda na kinasaba chao mfukoni. Mke mpya naye akiwa mbebaji, sarafu ni zile zile. Ndiyo maana kliniki nzuri humtaka baba aje angalau mara moja, asikie kwa masikio yake. Wanasihi nao hutoa majibu ya wazazi faragha, kwa kuwa kipimo cha damu kinaweza kufunua mambo ya nyumbani ambayo hayahusiani na siko seli hata kidogo. Nitaishia hapo.

Mtoto mwenyewe huzaliwa mzima. Kwa miezi ya mwanzo hulindwa na himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) aliyotoka nayo tumboni, ambayo haigeuki mundu, kisha hiyo inapungua taratibu, na karibu na mwezi wa sita mambo yanaanza kujitokeza. Ishara ya kwanza mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba, na mtoto kupiga kelele akishikwa. Mpwa wangu alipovimba, mama aliambiwa amemlalia, kisha meno, kisha chanjo. Vituo vitatu. Aliyeandika kipimo sahihi alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa makamo aliyeutazama mkono wa mtoto kwa sekunde chache tu. Siku hizi vipo vipimo vya haraka vinavyotumia tone la damu ya kidole na kutoa majibu ndani ya dakika chache, ila kuwapima watoto wote wachanga bado si utaratibu wa kila hospitali. Kwa hiyo maelfu wanaanza ugonjwa bila jina lake, na wengine wanakufa kabla ya kulipata.

Wanachokufa nacho hasa ni maambukizi. Bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ndiyo huchuja vijidudu vya hatari kwenye damu, na kwa watoto hawa huharibika mapema, pengine kabla hata ya mwaka wa pili. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani uliowapa watoto wadogo penisilini ya kunywa kila siku ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikuwa wazi mno: maambukizi mazito yaletwayo na bakteria wa nimonia yalipungua kwa asilimia 84. Tangu hapo ushauri ni penisilini mara mbili kwa siku hadi mtoto afikishe miaka mitano, pamoja na chanjo zote.

Sasa jaribu kulifikiria hilo kama mzazi. Asubuhi na jioni, zaidi ya mara 700 kwa mwaka, kumpa dawa mtoto anayecheka. Mtoto akiwa na homa, hakuna mama anayesahau dawa. Homa ikiisha, chupa inapanda juu ya kabati, kesho inasahaulika, keshokutwa jirani mwenye nia njema anasema madawa mengi yanaharibu mwili. Sioni uzembe hapo. Akili zetu zimezoea kwamba dawa hufuata maumivu, na hii inakuja mbele yake. Dada alimaliza tatizo hilo kwa kuifunga dawa na mswaki. Asiyepiga mswaki hajameza, asiyemeza hajapiga mswaki.

Bandama hiyo hiyo kabla haijafa ina balaa lingine: inaweza kuvimba ghafla na kuzuia damu ndani yake, mtoto akapauka na kuishiwa nguvu ndani ya saa chache. Nchini Jamaica, ambako watafiti wa Kingston wamewafuatilia watoto wenye siko seli tangu walipozaliwa kuanzia 1973, madaktari walifanya jambo rahisi. Waliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto chini ya mbavu za kushoto. Matukio yaliyoripotiwa yaliongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa sasa kulikuwa na watu wanaoyaona, na vifo vikashuka kutoka karibu 29 katika kila matukio 100 hadi 3. Hapakuwa na mashine wala dawa mpya. Vidole vya mama tu. Nikisoma takwimu hiyo humkumbuka dada na kope yake, nikaacha kumwambia ana wasiwasi uliopitiliza.

Kuna siku za kutosubiri asubuhi, na kila mtu wa nyumba anatakiwa kuzijua, dada wa kazi na bibi wakiwemo: homa inayofika 38.5, kupauka ghafla, tumbo kuvimba, kifua kuuma au pumzi kukata, mkono au mguu mmoja kulegea au maneno kuvurugika, na maumivu yasiyosikia dawa ya nyumbani. Kulegea kwa upande mmoja ni kiharusi, ndiyo, kwa mtoto. Hutokea, na wakati mwingine dalili ya kwanza huwa ni mwandiko kuharibika au alama za darasani kuporomoka bila sababu.

Shuleni ndiko niliko na hasira zangu. Mtoto anaambiwa na daktari anywe maji mengi, kwa sababu damu nzito huziba upesi. Wakati huo huo figo zake, ambazo nazo zimeguswa na ugonjwa, zinashindwa kubana mkojo. Kwa hiyo anakunywa sana na anakojoa sana. Mwalimu asiyejua anaona mtoro wa chooni, na anamkatalia ruhusa. Usiku analowesha kitanda hadi miaka kumi, wengine zaidi, na mahali pa kulala watu wengi anakuwa kichekesho. Ili aepuke aibu anaacha kunywa maji, na hapo foleni inaanza. Nimemsikia mtoto akichapwa kwa ukojozi wa aina hii. Aliyekuwa akichapa aliamini anamfundisha nidhamu. Barua moja ya kliniki kwa mwalimu mkuu, ikisema mtoto huyu aruhusiwe chupa na choo, asimwagiwe maji ya baridi, asikimbizwe mchakamchaka hadi aishiwe pumzi, asipigwe jua mstarini, huokoa siku nyingi za kulazwa. Isisitize pia kwamba acheze. Kumfungia ndani ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Kaka yake ana miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu hakuna aliyemweleza chochote. Tulidhani anajua. Kumbe alikuwa hashiriki kikombe na mdogo wake, akiogopa kuambukizwa, na wakati huo huo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba maumivu yanakuja: "Akikaa kimya hivyo na kukunja miguu, mama, kuna foleni." Alipopimwa akakutwa ni mbebaji, wakubwa tulishangilia, yeye akaenda nyuma ya nyumba kulia. Alielewa kwamba ni nusu mgonjwa. Ilibidi turudi kwenye zile sarafu, tuzirushe juu ya meza mara nyingi, hadi akaelewa kwamba haumwi na hataumwa, ila siku akitaka kuoa, amwombe mwenzake naye apime. Akauliza, "Sasa nimwambie siku ya kwanza au ya pili?" Hilo bado hatujalijibu.

Watoto hujaza kwa hofu kila nafasi tunayoiacha tupu. Mpwa wangu akiwa na miaka mitano aliamini anachomwa sindano kwa sababu alimpiga mwenzake. Muuguzi aliyemwambia ukweli, kwamba itauma kidogo, hesabu hadi kumi, chagua mkono gani, alipata ushirikiano ambao ahadi zote za pipi hazikuupata. Uongo wa "hawakuchomi leo" hufanya kazi mara moja tu.

Pesa sasa. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hatibiwi kwa malipo katika vituo vya serikali. Ugonjwa huu hauangalii keki ya kuzaliwa. Familia nyingi zilikuwa zikitegemea Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, hadi utaratibu wake ulipobadilishwa mwaka 2023, na wengi waliyumba. Hata bima ikiwepo, haiwalipii nauli, wala haifidii biashara. Dada anauza chapati na supu asubuhi. Siku ya kliniki mtaji unalala, na wiki ya kulazwa mtaji unaliwa. Ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kinapokuwa na thamani kuliko hotipoti za ndugu. Kama una ndugu mwenye mtoto wa hivi na hujui umsaidie nini, usisubiri alazwe. Mpeleke mtoto kliniki wewe, siku akiwa mzima, mama yake auze supu. Na chukua kadi yako ya damu uchangie hata kama hakuna aliyekupigia.

Ile kapsuli ya asubuhi inaitwa haidroksiyurea. Ilianza kama dawa ya saratani, na wazazi wengi wakisikia hivyo huirudisha dirishani. Kwa dozi ndogo kazi yake ni nyingine: inauamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini ya utotoni isiyogeuka mundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ulionyesha maumivu yakipungua, kuongezewa damu kukipungua, vifo pia, na hata malaria, ambayo watu walihofia ingezidi. Inahitaji kupima damu mara kwa mara na haifanyi kazi kwa wiki moja. Tena tunarudi pale pale: ni dawa ya siku za uzima.

Kupona kabisa kupo, ila kwa wachache. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye siko seli. Anayefaa zaidi kuchangia ni ndugu wa baba na mama mmoja, na uwezekano wa ndugu mmoja kulingana ni, tena, mmoja kwa nne. Matibabu ya kurekebisha kinasaba yaliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Moja ya matibabu hayo inauzwa Marekani dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mtu mmoja. Nilipomtajia dada alicheka hadi chapati ikaungua.

Kinachomtia hofu yeye ni miaka ijayo. Vijana wenye siko seli huchelewa kubalehe. Mvulana wa miaka 15 anaweza kuonekana wa 11, na anaficha dawa ili asiulizwe. Wengine hupata maumivu sehemu za siri wasiyoweza kumwambia mama, ilhali yakidumu zaidi ya saa nne mfululizo ni dharura; baba au mjomba anatakiwa awe amelisema mapema. Akifika hospitali akiomba dawa kali ya maumivu, kuna watakaomtazama kama teja. Kijana aliyezoea kusemewa kila kitu na mama hatajua ajitetee vipi. Kwa hiyo dada ameanza sasa: kliniki ya mwezi uliopita daktari aliuliza swali, mama akafunga mdomo kwa nguvu zote, mtoto akajibu. Alikosea jina la dawa. Akasahihishwa, akajibu tena.

Juzi walikuwa na safari ya shule kwenda Bagamoyo. Sweta, soksi, chupa mbili za maji, dawa ndani ya kopo la maziwa, barua ya mwalimu. Dada alikuwa jikoni na wateja, mikono imejaa unga, akasahau ukaguzi wake. Nilikuwa naitafuta njia ya kumkumbusha nilipomwona mtoto amesimama mbele ya kioo cha kabati, kidole kimoja chini ya jicho, kope ameivuta, ameukunja uso kama fundi.

"Anko, leo hamna foleni," akasema, akabeba begi lake.